Linda baiskeli, lakini kwanza mlinde anayeiendesha

Katika nyumba nyingi za Mtwara, baiskeli haina mwenyewe mmoja. Alfajiri baba anaipakia tenga la samaki. Asubuhi mtoto wa sekondari anaikalia kwenda shule. Jioni mama anaitaka kufuata unga mashineni, na kabla giza halijaingia inafungwa madumu ya maji. Baiskeli ya namna hiyo ikiibwa, kila mtu ndani ya nyumba anapungukiwa na kitu. Samaki wanachelewa kufika kwa mteja, mtoto anachelewa kipindi cha kwanza, na mama anabeba kichwani mzigo uliokuwa ukibebwa na keria.

Ajabu ni kwamba wakati wa kununua, wazazi wengi hulitazama kufuli mwishoni kabisa. Minada ya korosho ikishaanza, kwa kawaida mwezi Oktoba, na fedha zikaanza kufika mikononi, mzazi huweza kusimama dukani nusu saa nzima akipima fremu, akizungusha pedali na kubishana bei. Kufuli huchukuliwa kwa chenji iliyobaki. Tena huchaguliwa kwa rangi.

Chukua mfano wa familia moja ya Mikindani. Baba ni mvuvi, mama anauza vitumbua, na binti yao yuko kidato cha pili katika shule iliyoko mjini, mwendo wa kama kilomita 10 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Binti huyo ndiye atakayeiacha baiskeli peke yake muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani, tangu kengele ya asubuhi hadi masomo yaishe. Kwa hiyo kufuli linanunuliwa kwa ajili yake, na yeye ndiye anayepaswa kulielewa kuliko wote.

Kazi halisi ya kufuli

Hakuna kufuli lisilovunjika. Mwizi mwenye grainda atakata karibu kila chuma kinachouzwa madukani. Lakini grainda lina kelele, linatoa cheche na huvuta macho ya watu. Wizi mwingi wa baiskeli unafanywa na mtu aliyepita tu, akaona chombo kimeachwa, akatazama kushoto na kulia. Mtu huyo ana muda mfupi na vifaa vichache, pengine koleo mfukoni au kipande cha nondo.

Kazi ya kufuli basi ni kumchelewesha. Likimchelewesha kiasi cha kumfanya aogope kuonekana, limefanya kazi yake. Mzazi akilielewa hilo, atajua pia kwamba kufuli zuri likifungwa vibaya halina faida, na kwamba kufuli la kawaida likifungwa vizuri mbele za watu linaweza kuokoa mali.

Aina nne, na kila moja na mahali pake

Aina ya kwanza ni lile kufuli la duara linalokaa kwenye fremu, juu ya gurudumu la nyuma. Baiskeli nyingi za mtumba kutoka Japani huja nalo tayari, na mafundi hulifunga pia kwenye baiskeli mpya. Ukilisukuma, chuma hupita katikati ya spoku na gurudumu halizunguki. Ni jepesi na halisahauliki nyumbani. Udhaifu wake ni kwamba halijafungwa popote. Mtu akiinyanyua baiskeli na kuitupa kwenye bajaji au nyuma ya pikipiki, imekwenda. Linafaa pale mzazi anaposhuka mara moja dukani huku baiskeli akiiona kwa macho.

Aina ya pili ni waya uliovikwa plastiki ya rangi, mara nyingi wenye namba za kuzungusha badala ya ufunguo. Watoto huupenda kwa sababu ni mwepesi na hakuna funguo za kupoteza. Lakini plastiki hiyo nene hudanganya jicho. Ndani mna nyuzi nyembamba za chuma ambazo koleo la kawaida huweza kuzikata moja moja kwa muda mfupi. Waya huo utumike kama msaidizi, kwa mfano kulishika gurudumu la mbele, wala usiachiwe kazi yote peke yake.

Aina ya tatu ni mnyororo na kufuli la kawaida kama la mlangoni. Hiki ndicho kifaa kinachopatikana kwa urahisi zaidi katika maduka ya vifaa vya ujenzi, na kwa familia nyingi ndicho chaguo la busara. Mnyororo hupimwa kwa unene wa chuma cha pete zake. Ule mwembamba wa kufungia mbwa au ndoo ya kisimani hukatwa kwa mkono. Tafuta wenye chuma cha angalau milimita 8, na kama umeandikwa kuwa ni wa chuma kilichokomazwa, ni bora zaidi, kwa sababu mkasi wa kukatia nondo hupata shida kuuma chuma hicho. Uvike mpira wa tyubu iliyochakaa ili usikwangue rangi ya fremu.

Aina ya nne ni kufuli gumu lenye umbo la herufi U, fimbo nene iliyopinda na kuungana na chuma cha kufungia. Likiwa la chuma kizuri ni gumu sana kulikata kwa mkono. Halipatikani kila duka, na bei yake iko juu, lakini mwenye kuiacha baiskeli nje siku nzima anaweza kuagiza kutoka Dar es Salaam. Chagua dogo kiasi cha kutosha fremu na nguzo tu. Likiwa kubwa, nafasi inayobaki ndani yake ndiyo mwizi atakayoingiza mtaimbo ili alivunje kwa kulikandamiza.

Kuhusu bei, waendesha baiskeli wa nchi nyingi hutumia kanuni rahisi, kwamba kufuli ligharimu angalau sehemu moja ya kumi ya bei ya baiskeli. Kwa baiskeli ya shilingi 200,000, hiyo ni shilingi 20,000 kwa mnyororo na kufuli pamoja. Mzazi anayeona fedha hiyo ni nyingi ajiulize atapata wapi 200,000 nyingine.

Mitihani mitatu ya dukani

Kwanza, pima uzito wa kufuli mkononi. Kufuli lililo tupu ndani huwa jepesi hata likiwa kubwa.

Pili, tazama ule upinde wa chuma unaoingia kwenye mwili wa kufuli. Uwe mnene, na usibaki mrefu ukishapitishwa kwenye mnyororo. Upinde mrefu ni mlango wa mtaimbo. Kufuli ambalo mwili wake unauficha upinde karibu wote ni gumu zaidi kukatwa.

Tatu, mwombe muuzaji makufuli mawili au matatu ya aina hiyohiyo, ujaribu ufunguo wa moja kwenye jingine. Makufuli ya bei ya chini sana wakati mwingine hufunguana. Muuzaji akinuna, mwambie kwa heshima, "Samahani kaka, ni la mtoto wa shule, nataka nilale usingizi." Mwenye bidhaa nzuri hatakataa.

Fremu kwanza, gurudumu baadaye

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kufunga gurudumu la mbele peke yake kwenye nguzo. Gurudumu hilo hushikiliwa na nati mbili, na katika baiskeli nyingine hufunguliwa kwa kuvuta kitasa kidogo bila hata spana. Mwenyewe akirudi hulikuta gurudumu limebaki na kufuli lake zima, baiskeli haipo.

Mfundishe mtoto hivi: mnyororo upite kwenye fremu, kwenye gurudumu la nyuma, kisha uzunguke kitu kisichong'oka. Vyote vitatu kwa pamoja. Mnyororo ukibana na kukosa kulegea, mwizi hana pa kushika.

Kitu kisichong'oka nacho kina mjadala wake. Mpapai hukatwa kwa panga moja. Nguzo ya bango fupi hung'olewa, au baiskeli hunyanyuliwa ikapitishwa juu yake. Mnazi uliokomaa ni mlinzi mzuri, kwani hakuna atakayeupitisha mnyororo juu ya makuti. Mwembe wenye shina nene ni mzuri pia, mradi mnyororo unatosha kulizunguka. Nondo za dirisha la shule ni nzuri zikiwa zimejengewa ukutani na mwalimu ameruhusu.

Pasipo na cha kufungia, wanafunzi wanaoaminiana wazifunge baiskeli mbili au tatu pamoja, fremu kwa fremu. Mtu mmoja hawezi kuondoka nazo kirahisi, na akijaribu ataonekana.

Kufuli lisiguse ardhi. Likilala chini, mwizi huligeuza ardhi kuwa fuawe na kuligonga kwa nyundo. Lining'inie juu, tundu la ufunguo likitazama chini ili mvua na mchanga visiingie.

Mahali pa kuegesha pana uzito kuliko chuma chenyewe. Nyuma ya jengo pana kivuli, lakini pana pia faragha ambayo mwizi anaitafuta. Mbele ya mama ntilie, karibu na fundi cherehani au kando ya kijiwe cha bodaboda pana macho. Binti wa Mikindani akifika sokoni amsalimie mwenye eneo, "Shikamoo mama, naomba niweke baiskeli yangu hapa, narudi sasa hivi." Salamu hiyo haigharimu kitu, na humpa mtu mzima sababu ya kuuliza mgeni akiigusa.

Usiku baiskeli iingie ndani. Kama nyumba haina nafasi, ifungwe barazani kwenye nguzo, upande ambao wenye nyumba watasikia mnyororo ukilia.

Chumvi ya bahari ni adui wa pili

Anayeishi Shangani, Msimbati au Mikindani anajua hewa ya bahari inavyokula bati. Kufuli nalo huliwa. Likishika kutu ndani, mtoto hulazimisha ufunguo, ufunguo hukatikia humo, na tangu siku hiyo baiskeli inaachwa bila kufungwa. Hivyo ndivyo makufuli mengi ya pwani yanavyokufa, bila mwizi yeyote kuyagusa.

Kwa ukanda huu, kufuli lenye mwili wa shaba hudumu kuliko la chuma lililopakwa rangi. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwa sababu huganda na kushika mchanga. Tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani kila mwezi yanatosha, na katika miezi ya mvua, kati ya Desemba na Aprili, yatiwe mara nyingi zaidi. Ufunguo ukianza kukwama, sugua ncha ya penseli kwenye meno yake, uingize na kuutoa mara kadhaa. Unga mweusi wa penseli hulainisha bila kuvuta vumbi. Mtoto apewe kazi hii mwenyewe kila Jumamosi. Anayelitunza kufuli hukumbuka kulifunga.

Ufunguo wa akiba ubaki nyumbani mahali ambapo wazazi wote wawili wanapajua, mbali na ule wa kila siku. Kwa makufuli ya namba, mwaka wa kuzaliwa wa mtoto usitumike, maana darasa zima linaujua.

Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Baiskeli nyingi huwa na namba iliyogongwa kwenye chuma cha fremu, mara nyingi chini pale pedali zinapokutana, au kwenye bomba la kiti. Ifute matope, iandike kwenye daftari, uipige picha kwa simu pamoja na baiskeli nzima na risiti. Picha hiyo itume kwa ndugu mmoja ili hata simu ikipotea ibaki. Kama namba haipo, fundi anaweza kugonga herufi za jina la familia mahali palipojificha.

Ikiibwa, habari ipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa na kituo cha polisi siku hiyohiyo, na mzazi achukue RB. Kisha apite kwa mafundi baiskeli akiwa na picha, kwa kuwa baiskeli iliyoibwa hupelekwa kubadilishwa kiti, usukani au rangi.

Anayenunua baiskeli iliyotumika naye ajilinde. Aombe risiti ya awali, alinganishe namba ya fremu, na mauziano yaandikwe mbele ya mashahidi, ikiwezekana katika ofisi ya serikali ya mtaa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, katika kifungu cha 311, inalifanya kuwa kosa kupokea mali ya wizi kwa kujua, au ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Bei iliyo chini mno ni sababu ya kuuliza maswali. Soko la baiskeli za wizi likikosa wanunuzi, mwizi naye hukosa kazi.

Yanayomhusu mtoto

Mwaka 1948 mwongozaji wa Italia Vittorio De Sica alitoa filamu kuhusu baba mmoja wa Roma aliyepata kazi ya kubandika mabango, kazi iliyohitaji baiskeli. Mkewe aliweka rehani mashuka ya nyumbani ili kuikomboa baiskeli yao. Siku ya kwanza kazini ikaibwa. Baba na mwanawe mdogo wakazunguka mji wakiitafuta, hadi baba, akiwa amekata tamaa, akajaribu kuiba ya mtu mwingine. Akakamatwa mbele ya mtoto. Mwenye mali alipomwona yule mtoto akilia, akaamua kumwachia. Filamu hiyo inajulikana duniani kote, na mzazi wa Mtwara hahitaji kutafsiriwa maumivu yake.

Kilichopotea pale kilizidi baiskeli, na hapo ndipo mazungumzo ya kufuli yanapopaswa kufika. Mzazi anapomkabidhi mtoto ufunguo, kuna mambo matatu ya kumwambia.

La kwanza ni kwamba akikutana na mtu anayemtisha njiani, aiache baiskeli. Aishuke, aondoke mbio kuelekea kwenye watu, apige kelele akiwa mbali. Barabara ya Mikindani ina vipande vitupu, na jioni giza huingia mapema. Mtoto aliyefundishwa kwamba baiskeli ni roho ya nyumba anaweza kuing'ang'ania mbele ya panga. Asikie kwa masikio yake, kutoka kinywani mwa baba na mama, kwamba chuma kinanunuliwa tena.

La pili ni kuhusu neno "mwizi". Likipigwa sokoni au stendi, watu hukusanyika kwa mawe kabla ya maswali. Kijana aliyeshika baiskeli inayofanana na yenu anaweza kuwa ameinunua, ameazimwa au ni yake. Mtoto akiiona baiskeli anayodhani ni yenu, asipige kelele. Akumbuke mahali, amwite mtu mzima anayemwamini, na namba ya fremu itaamua. Familia iliyopoteza baiskeli isiishie kubeba damu ya mtu.

La tatu ni gumu zaidi kwa wazazi. Mtoto aliyeibiwa anaogopa nyumbani kuliko anavyomwogopa mwizi. Wapo wanaozunguka hadi usiku wakitafuta wenyewe kwenye vichochoro, wanaokwenda kulala kwa shangazi bila taarifa, na wanaotunga uongo kwamba wameporwa na watu watano wakati ukweli ni kwamba walisahau kufunga. Kila saa inayopotea katika hofu hiyo ni saa ambayo baiskeli inakwenda mbali zaidi, na mtoto yuko nje peke yake.

Tuseme yule binti wa Mikindani anarudi kwa miguu saa mbili usiku, sare imejaa vumbi.

"Shikamoo baba. Baiskeli..." anasema, na sauti inakatika.

Baba ana maneno mengi kooni. Anazikumbuka siku alizokesha baharini ili aipate. Lakini swali la kwanza ndilo litakaloamua kama binti huyo atasema ukweli leo, na kama atarudi nyumbani upesi siku nyingine akipatwa na jambo kubwa kuliko baiskeli. "Marahaba, mwanangu. Wewe mzima? Njoo unywe maji, kisha unieleze ilikuwa wapi na uliifunga vipi."

Hilo halimwondolei mtoto wajibu. Kama hakufunga, atatembea kwa miguu kama wengine, atamsaidia mama kubeba, na baiskeli nyingine ikija atashiriki kuchanga fedha ya kufuli. Adhabu ya namna hiyo ina uhusiano na kosa na humfundisha kitu. Fimbo ya usiku ule humfundisha kuchelewa kurudi.

Wiki hii, kabla ya kununua chochote, mzazi anaweza kufanya jambo moja. Amwite mtoto uani, ampe ufunguo, amwambie aifunge baiskeli kama anavyoifunga shuleni. Asimsahihishe mpaka amalize. Kisha baba au mama aishike baiskeli na kujaribu kuondoka nayo bila ufunguo. Ikitoka, wote wawili watacheka na kuanza upya, na watakuwa wamegundua tatizo kabla mwizi hajaligundua.